Uniti za umeme zimeisha na mfuko umekauka: pa kuanzia ukiwa Arusha au Moshi

Mwezi wa nne ukifika, mji huu unajua. Magari ya watalii yanalala yadi, wapishi wa safari tunarudi nyumbani na masanduku yetu, na mama lishe aliyekuwa akituuzia chai getini anapika nusu sufuria. Kule Moshi ndio hivyo hivyo: mlima unanyeshewa, mpagazi hana mzigo wa kubeba. Akiba ya msimu inashika hadi katikati ya mwezi wa tano. Halafu baridi ya mwezi wa sita inaingia, watoto wanataka maji ya moto, giza linawahi, na mita inaanza kulia ukutani.

Nimekuwa mhazini wa kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, hapa Sombetini kwa miaka kadhaa, na kila msimu huo napokea maombi yaleyale: "Dada mhazini, nisaidie elfu tano ya LUKU." Nimejifunza jambo moja kwa kuchelewa, nalo ndilo linalonifanya niandike. Kabla ya kumwomba mtu hela ya umeme, hakikisha unanunua umeme kwa bei inayokuhusu. Wengi wanaoomba msaada wanalipa karibu mara tatu ya wanachostahili kulipa, na hawajui.

Jua pia kwamba hapa kwetu hakuna dirisha la serikali la kwenda kulipiwa umeme ukiishiwa. Kuna milango midogo midogo, na kila mmoja una utaratibu wake. Na kwa kuwa LUKU unalipa kwanza, hakuna anayekuja kukukatia wala barua ya onyo. Uniti zinaisha kimya kimya saa tatu usiku, unawasha tochi ya simu, na jirani anadhani umelala mapema.

Usiku wa kwanza

Ukiona uniti zimebaki tatu au nne, zima friji kama halina kitu cha kuharibika, chomoa birika na pasi, acha taa moja na chaji ya simu. Uniti tatu kwa taa na simu pekee zinakufikisha siku kadhaa. Muda huo ndio wa kuhangaika, kabla giza halijaingia.

Kama nyumbani kuna mgonjwa anayetumia insulini, usiingiwe na hofu ya friji. Insulini nyingi zikishaanza kutumika hukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 30, na Arusha ya mwezi wa sita haifiki huko. Zile ambazo hazijafunguliwa ndizo za kupeleka kwa jirani mwenye friji, au uulize duka la dawa ulikonunua kama watakuhifadhia. Mgonjwa anayetegemea mashine ya oksijeni ni suala lingine kabisa. Huyo usimngojeshe mita. Mrudishe hospitali, na ukifika uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Mount Meru wanayo, KCMC wanayo.

Na tafadhali, jiko la mkaa lisiingie chumbani. Najua baridi ya Ngaramtoni au Kibosho inavyouma, najua pia watu wanavyosema "limeshashika, halina moshi tena." Mkaa ulioshika bila moshi ndio unaoua, kwa sababu hewa yake haina harufu na watu hulala wasiamke. Pikia nje au mlango wazi, na ukimaliza jiko libaki nje.

Soma risiti yako

Fungua meseji ya mwisho ya kununua umeme. Wengi tunanakili zile namba ishirini, tunaziingiza, tunafuta. Mimi nilifuta kwa miaka miwili.

Chukua mfano wa mtu aliyenunua wa shilingi 10,000. Kwenye risiti yake ataona umeme wenyewe ni 8,196.72, VAT asilimia 18 ni 1,475.41, REA (tozo ya umeme vijijini) asilimia 3 ni 245.90, na EWURA (tozo ya mdhibiti) asilimia 1 ni 81.97. Jumla inarudi 10,000. Halafu kuna mstari wa uniti, na huo ndio wa kuangalia kwa makini. Akipata uniti 28.1, yuko kundi la T1, la matumizi ya kawaida, ambako uniti moja ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Ukijumlisha zote, uniti inamfikia kwa shilingi 356 na senti.

Yupo mwingine, mtaa uleule, ananunua wa 5,000 na anapata uniti 41. Huyo yuko D1, kundi la matumizi madogo ya nyumbani. Uniti yake ni shilingi 100 kabla ya kodi, yaani 122 ikishajumlishwa kila kitu.

Kipimo cha haraka ni elfu moja. Ukinunua wa elfu moja bila kukatwa chochote kingine, D1 anapata uniti 8.2, T1 anapata 2.8. Usiulize mtu, risiti itakwambia.

Sasa piga hesabu ya mwezi mzima. Uniti 75 kwa D1 zinagharimu shilingi 9,150. Uniti hizohizo 75 kwa T1 ni shilingi 26,718. Tofauti ni zaidi ya shilingi 17,500 kila mwezi, na kwa mama wa Unga Limited anayeuza vitumbua hiyo ni mtaji. Hakuna mfadhili wa mtaani atakayekupa kiasi hicho kila mwezi bila kukusimanga.

Kuomba kurudishwa D1

D1 ni kwa nyumba ya kuishi, mita ya njia moja, inayotumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi. Ukizidisha, kila uniti ya ziada unauziwa kwa shilingi 350 kabla ya kodi, ghali kuliko hata T1, na ukiendelea kuzidisha unahamishiwa T1. Kupanda ni rahisi. Kushuka hakuji kwenyewe, mpaka uombe.

Kwangu kosa lilikuwa langu. Fundi wa kuchomea mageti aliomba waya kwa siku chache wakati nyumba ya jirani inajengwa, nikampa, akanipa elfu kumi nikaona nimepata. Mashine ya kuchomea haina mzaha. Uniti zilikwenda, nikanunua, zikaenda, nikanunua tena, na fundi alipoondoka mimi nilibaki T1. Sikugundua kwa sababu nilikuwa nasoma namba ishirini tu.

Fanya hivi. Kwanza, rudisha matumizi chini ya 75, na yabaki hapo miezi mitatu mfululizo. Kinachoonekana ofisini ni ulichonunua, hivyo usiwe na tabia ya kulundika. Ukipata hela mwezi wa saba ukanunua uniti 120 ili zikufikishe mwezi wa tisa, kwa mfumo wewe umezidisha 75 mwezi wa saba, hata kama ulizitumia kwa kujibana. Nunua kidogo kidogo ndani ya mwezi husika.

Pili, tunza meseji. Usizifute, na ukiweza piga picha ya skrini.

Tatu, nenda ofisi ya TANESCO ya wilaya yako na barua. Unaweza kuanza kwa kupiga 180, ueleze namba ya mita na uulize uko kundi gani, lakini barua yenye nakala ina uzito wake. Hii ndiyo ninayowaandikia wanakikundi, uijaze mwenyewe:

"YAH: OMBI LA KURUDISHWA KUNDI LA D1, MITA NAMBA ______

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa mtaa wa ______, kata ya ______. Natumia umeme kwa matumizi ya nyumbani tu, mita ya njia moja. Kwa miezi mitatu iliyopita nimenunua uniti ____, ____ na ____, zote chini ya 75. Naomba matumizi yangu yapitiwe na nirudishwe kundi la D1. Nimeambatanisha risiti za miezi hiyo na nakala ya kitambulisho. Namba yangu ya simu ni ______."

Peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wagonge muhuri wa kupokea na tarehe, urudi nayo nyumbani. Watu wanaona aibu kuomba muhuri, kana kwamba wanamtuhumu mtu. Omba. Karatasi hiyo itakufaa mbele ya safari.

Makato mengine kwenye risiti

Ukinunua umeme mara ya kwanza ndani ya mwezi, unakatwa kodi ya jengo. Utaratibu wa kuikata kwenye LUKU ulianza mwezi wa nane 2021, na tangu 2023 nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mtu wa T1 aliyenunua wa 5,000 tarehe moja akapata uniti 9.8 hajaibiwa, amekatwa kodi. Na kama hukununua miezi mitatu, ukija kununua unakutana na 4,500 inakusubiri. Kwa mtu aliyebaki na elfu tano hilo ni pigo, kwa hiyo ulijue kabla ya kwenda kwa Mangi dukani.

Kuna mambo matatu ya kufuatilia hapa. Mpangaji: kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Kaa naye, mkubaliane akurudishie au aikate kwenye kodi ya pango, na muiandike. Wenye nyumba wengi hawabishi ukiwaonyesha risiti kwa adabu: "Baba, hii 1,500 ni ya jengo, naomba tuikumbuke tukifika mwezi wa kulipa." Nyumba yenye mita zaidi ya moja: peleka namba za mita zote TRA, mamlaka ya mapato, jengo moja lisilipiwe mara tatu. Na mzee wa miaka 60 na kuendelea, au mwenye ulemavu asiye na kipato, anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe: kuna msamaha wa kodi hiyo kwa nyumba anayoishi, lakini lazima uombwe. Mpeleke babu TRA na kitambulisho chake na barua ya mtaa. Wazee wengi wa Pasua na Kaloleni wanakatwa kwa sababu tu hakuna mjukuu aliyewapeleka.

Ukiona mstari wa deni na hujui limetoka wapi, usinunue tena kwa kubahatisha. Nenda ofisini uulize ni la nini na la lini. Deni likiwa la kweli, omba lipangwe kulipwa kidogo kidogo, useme kiasi unachomudu, na makubaliano yaandikwe.

Mita ya nyumba iliyokaa tupu muda mrefu inaweza kukataa namba kabisa. Mita zote zilitakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024 kwa kuingiza kwanza seti za namba maalumu. Kama umehamia nyumba ya namna hiyo, piga 180 kabla ya kuita fundi.

Wapangaji sita, LUKU moja

Hapa ndipo penye uchungu. Nyumba ya vyumba sita Ngarenaro au Majengo, mita moja, kila chumba kina friji au sabufa. Uniti 75 zinaisha wiki ya pili. Nyumba hiyo itakaa T1 maisha yake yote, na mjane wa chumba cha mwisho mwenye taa moja na redio analipa uniti kwa bei ya mwenye friji mbili. Mimi naona si haki, lakini mita haijui nani mjane.

Mnachoweza kufanya ni kugawana kwa vyombo, si kwa vichwa. Kaeni jioni moja uani, kila mtu ataje anachotumia, mwenye friji atoe zaidi, mwenye taa na simu atoe kidogo. Andikeni kwenye daftari moja, liwe na mtu mmoja. Nyumba niliyowahi kuisuluhisha, mjane tulimpangia elfu mbili kwa mwezi badala ya elfu sita na mia tano, na mwenye saluni ya chumba cha mbele alinuna wiki moja tu. Mita ndogo za kila chumba zinapunguza ugomvi, ila bei ya uniti inabaki ileile ya mita kubwa.

Suluhisho la kudumu ni mita yako mwenyewe. Mjini, kuunganishiwa njia moja ndani ya mita 30 pasipo kuhitaji nguzo ni shilingi 320,960. Hela hiyo humpata nani mwezi wa tano? Lakini ni hesabu ya kumpelekea mwenye nyumba au kuiombea mkopo wa kikundi msimu ukiwa mzuri, kwa sababu kwa bei ya D1 inajirudisha yenyewe ndani ya mwaka na nusu au zaidi kidogo.

Milango ya watu

Umeshapunguza matumizi, barua iko ofisini, na bado leo hakuna kitu. Anzia karibu.

VICOBA. Vikundi vingi vina mfuko wa jamii pembeni ya hisa, ule wa misiba na magonjwa. Soma katiba yenu kabla ya kuomba. Kama umeme haumo, omba kwa sababu iliyomo: mgonjwa, mzazi, mtoto mchanga. Sisi tuliongeza kifungu cha "dharura ya nyumbani", kisichozidi shilingi 10,000 kwa mwanachama mara moja kwa msimu, kinarudishwa bila riba. Hakijawahi kutuletea hasara. Kama una mchezo wa kupeana, mwombe mwenye zamu mbadilishane. Ni kawaida, na haisemwi vibaya mtu akirudisha zamu.

Nyumba za ibada. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, na mwenyekiti wa jumuiya ndiye wa kwanza kuambiwa, kabla ya paroko. Usharika wa KKKT una kazi ya diakonia, muone mzee wa kanisa wa mtaa wako. Waislamu, zungumza na imamu kuhusu zaka na sadaka za msikiti. Sema kiasi na sababu: "elfu tano ya umeme wa wiki mbili, nina mtoto anafanya mtihani wa darasa la saba" inasikika kuliko "hali ni mbaya."

Mtaa. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, usimsubiri mkutanoni. Mazungumzo yenyewe ni mafupi:

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba mama, karibu. Habari za nyumbani?"

"Si nzuri sana. Mzee wangu hana kazi tangu mwezi wa tatu, tuko sita, mama mkwe anatumia dawa za presha. Naomba barua ya utambulisho niende kwa afisa ustawi wa jamii."

Umeona? Hukumwomba hela. Umeomba barua, ambayo anaweza kuitoa palepale. Ukiambiwa utoe chochote, omba risiti. Afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri hana sanduku la kulipia LUKU, lakini anaweza kukuandikia rufaa ya msamaha wa matibabu, na hela ya dawa ikibaki nyumbani inakuwa hela ya umeme. Mama mmoja wa Olasiti alisaidiwa hivyo, na akaniambia hajui kwa nini alikuwa anaogopa ile ofisi.

TASAF. Mpango wa kunusuru kaya maskini hausajili mtu mmoja mmoja dirishani. Kaya huibuliwa kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, majina yanasomwa hadharani. Kwa hiyo TASAF si ya usiku wa leo. Lakini asiyehudhuria mikutano ya mtaa jina lake halitajwi, na hilo nimeliona mara nyingi mno. Walio tayari kwenye mpango waende kwa mratibu wakiona malipo yamechelewa, kabla ya kukopa.

Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haina riba lakini ni ya kuendesha shughuli ya kikundi. Usiiombe kwa ajili ya umeme. Iombe kwa ajili ya kazi itakayolipa umeme msimu ujao.

Hela za haraka

Songesha ya M-Pesa inakumalizia muamala ukipungukiwa, na LUKU ni mojawapo. Mitandao mingine nayo ina huduma zake. Kwa elfu moja au mbili usiku mmoja, sawa, mradi ulipe kesho yake, maana ada inahesabiwa kadiri unavyochelewa. Mtego ni kwamba hela yoyote ikiingia kwenye simu yako inakatwa kwanza. Kama mdogo wako anakutumia hela ya unga, mwambie aitume kwa namba nyingine, au ulipe deni kwanza.

Mikopo ya kausha damu, usiende. Hata mkopeshaji akiwa jirani, hata akikuita "mama yangu." Mkopo wa elfu hamsini unaorejeshwa kila siku umechukua friji na televisheni za watu hapa mtaani, na ukishanyang'anywa friji umeme wenyewe unabaki wa nini? Programu za mikopo za kwenye simu nazo, zile zinazosoma majina yote ya simu yako halafu zinawapigia wakwe zako: mwaka 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Kama huoni leseni, achana nayo.

Halafu vishoka. Kijana mwenye kofia ngumu anayekuja Jumapili akisema atakuwekea uniti mia tatu kwa elfu ishirini, au atachepusha waya mita isisome. Umeme wa kuchepushwa ukigundulika unalipishwa ulichokula na faini, na kesi juu. Nyumba kadhaa zimeungua pia kwa hizo waya. Mfanyakazi halali ana kitambulisho, na unaweza kupiga 180 kuuliza akiwa bado amesimama mlangoni.

Uniti zinakwenda wapi

Kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa moja kimekula uniti moja. Hiyo tu. Kila kifaa kimeandikwa wati zake chini au nyuma.

Mwizi mkubwa wa Arusha na Moshi ni hita ya kuogea inayofungwa bombani. Nyingi ni wati 5,000, maana yake dakika 12 ni uniti moja. Watu wanne wakioga dakika 12 kila mmoja ni uniti nne kwa siku, 120 kwa mwezi. Mgao wa D1 ni uniti mbili na nusu kwa siku, kwa hiyo bafu peke yake limekutoa kwenye bei nafuu kabla hujawasha taa. Miezi ya baridi chemsha maji sufuria moja, changanya ndooni, kila mtu na kopo lake. Bibi zetu waliogea hivyo Machame, na kule baridi si ya mchezo.

Taa nne za zamani za wati 60, saa tano kila usiku, ni uniti 36 kwa mwezi. Taa nne za LED za wati 9 kwa muda huohuo ni uniti 5.4. Badilisha moja moja, uanze na ya sebuleni.

Friji dogo lenye raba nzima linaweza kula karibu uniti moja kwa siku. Raba ikilegea linanguruma usiku kucha. Bana karatasi mlangoni, ukiivuta ikatoka bila kushika, raba imekwisha.

Kupika kwa umeme kunatisha watu bure. Jiko la presha la wati 1,000 haliwaki muda wote. Maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa takriban nusu uniti, yaani kama shilingi 60 kwa bei ya D1. Nionyeshe mkaa wa shilingi 60 unaoivisha maharage. Lakini kwa bei ya T1 ni kama 180, kwa hiyo tumerudi palepale kwenye kundi lako.

Kuhusu gesi, neno moja: mtungi una uzito wake mtupu umeandikwa juu shingoni. Toa huo kwenye uzito wa mzani wa duka, kinachobaki kiwe kilo sita kamili kama umelipia kilo sita. Muuzaji asiyetaka kupima, nenda kwa mwingine.

Maji ni tofauti na umeme, unatumia kwanza ndipo bili inakuja, hivyo mamlaka ya maji, AUWSA kwa Arusha au MUWSA kwa Moshi, unaifuata kabla ya tarehe ya kukatiwa, uombe kulipa kwa awamu. Wakishakata kuna gharama ya kurudisha juu ya deni.

Barua ikikaa bila jibu

Ile nakala yenye muhuri sasa ina kazi. Rudi ofisini nayo, uombe kuonana na anayeshughulikia malalamiko ya wateja, uandike jina lake na tarehe nyuma ya barua. Usipotosheka na majibu, au usipojibiwa, EWURA ndiyo inayosimamia bei na huduma za umeme, na ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha. Namba yao ya bure ni 0800110030. Watakuuliza kwanza kama ulimlalamikia mtoa huduma, na hapo ndipo unapotoa muhuri wako. Baraza la watumiaji wa huduma hizo, EWURA CCC, nalo linasaidia mtu asiyejua kuandika lalamiko, bila malipo.

Ukishaambiwa umerudishwa D1, nunua wa elfu moja tu kwanza, na isiwe mara yako ya kwanza kununua ndani ya mwezi, kodi ya jengo ikakuchanganya. Zikija uniti 8.2, umerudi. Zikija 2.8, rudi ofisini kesho yake asubuhi na meseji hiyo mkononi.